Kimya Changu Kilivyotaka Kuifunga Maktaba ya Makambako

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Njombe, nilimkuta mkutubi mkuu amevaa makoti mawili, anapulizia vidole. Alinikabidhi muhuri wa tarehe, ule tunaogonga kwenye kitabu ili msomaji ajue siku ya kukirudisha. Akanionya kwamba maktaba ina sheria moja, kimya, na mengine ningejifunza taratibu.

Basi mimi nikaishika sheria ile kama dini. Uainishaji nao niliujua, yaani kupanga vitabu kwa namba za masomo, kilimo kisije kikakaa na mashairi. Lakini sifa yangu ilikuwa kimya. Mtu akikohoa mara mbili, namkata jicho. Wakaniita Mama Shii, nami nikaona fahari.

Baadaye nikahamishiwa Makambako kusimamia chumba cha kusomea. Watoto wa shule walikuwa wakiletwa na walimu wao mara moja moja, wanakaa kama wamegandishwa, wakiondoka hawarudi. Mkutubi wa mkoa, mzee mpole asiyerudia neno, alikuja akakuta viti vitupu.

"Nikirudi mwezi ujao nikakuta hivi," aliniambia, "vitabu vinarudi Njombe, na chumba watapewa wengine."

Nililia, sioni haya kusema. Aliyenibembeleza ni Mama Ngailo, fundi cherehani na mwenyekiti wa Marafiki wa Maktaba. Hao walikuwa watu wa kawaida tu, wauza viazi, walimu wastaafu, waliojitolea kushona vitabu vilivyoachia migongo. Wakaamua kuandaa Jumamosi ya hadithi. Wakatangaza makanisani, kwa Walutheri na kwa Wakatoliki, kisha wakamfuata kijijini Bibi Tulalumba, msimuliaji ambaye hadithi zake zilikuwa hazijawahi kuandikwa popote.

Jumamosi hiyo chumba kilijaa hadi madirishani. Mkutubi wa mkoa, aliyerudi kama alivyoahidi, alikaa mbele kabisa. Bibi akatusalimia, kamwene, nasi tukajibu kwa kunong'ona. Akaita hadithi, hadithi. Kimya. Akaita tena. Kimya. Watoto hawakumtazama yeye, walinitazama mimi, vidole midomoni.

Jamani, nilikuwa nimewafunza vizuri mno! Bibi akasimama, akajifunga kitenge chake, akamwambia Mama Ngailo kwamba kwao hadithi isiyoitikiwa haisimuliwi, na yeye hakuja msibani. Akaanza kuelekea mlangoni. Nikaona kazi yangu yote inatoka naye.

Nikasimama mbele ya bosi wangu, nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo: "Hadithi njoo!"

Watoto walishangaa, kisha wakaitikia wote kwa pamoja, madirisha yakatetemeka. Bibi akageuka, akacheka, akarudi kukaa. Alisimulia habari za fisi aliyekwenda kuposa, nasi tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mama Ngailo aliandika kila neno kwenye daftari, na daftari lile likawekwa rafuni, likapewa namba yake.

Wageni walipotawanyika, mkutubi wa mkoa alinijia. Nikajiandaa kwa karipio.

"Jumamosi ijayo," aliuliza, "anasimulia nani?"

Chumba hakikufungwa. Sasa nimestaafu, nami ni mmoja wa Marafiki, nashona migongo ya vitabu, na Mama Ngailo anaifumua na kuishona upya. Ninyi mnaoanza kazi hii, kitunzeni kimya, wasomaji wanakihitaji. Ila ikifika Jumamosi msinitafute nyumbani. Nakaa mstari wa mbele, na nikiitikia wananisikia hadi stendi.