Panga la mjomba lilivyozaa makadamia Kinole

Jua halijaufikia bado mteremko wa Kinole, katika Milima ya Uluguru, na Hafidha Kibwana amekwishapiga magoti chini ya mti. Anapapasa majani makavu, anaokota makadamia na kuyatia kwenye ndoo. Akichelewa, panya watamtangulia.

Makadamia yakikomaa huanguka yenyewe. Ganda la nje ni la kijani. Ndani yake mna kokwa gumu la kahawia, la mviringo kama goroli. Hafidha analigonga moja kwa jiwe, anampa mgeni kiini cheupe aonje. Ladha inakaribia korosho, ila mafuta yamezidi.

"Wengi wakionja mara ya kwanza huniuliza kama ni nazi," anasema huku akicheka.

Mama huyu wa watoto watatu, wa kwanza akiitwa Mwanaheri, alikulia kwenye migomba, michungwa na mikarafuu. Makadamia aliyakuta sokoni Mkuyuni, kwa Hosiana, muuza miche wa Mwembesongo mjini Morogoro, mwenyeji wa Kilimanjaro. Alinunua miche sita, akaipanda nyuma ya nyumba.

Jambo moja hakuuliza, wala Hosiana hakumwambia: miche ile ilioteshwa kwa mbegu, na mti wa namna hiyo unaweza kukaa miaka hata kumi bila kuzaa.

Mwaka wa sita ulifika, miti ikiwa mirefu, inatoa maua na kuyapukutisha. Mjomba wake, Mzee Kondo, ndiye mwangalizi wa ardhi ya ukoo, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Aliona kivuli kinaidhoofisha migomba, akamtaka mpwa wake aiondoe miti hiyo. Hafidha akaomba msimu mmoja zaidi.

Siku moja alirudi kutoka msibani akakuta miti miwili imekatwa usawa wa kiuno. Mjomba alikuwa ameketi, anapumzika kabla ya kuuanza wa tatu.

"Nilimwamkia kwanza, shikamoo mjomba," anasimulia Hafidha. "Halafu nikakaa juu ya gogo, nikalia."

Mzee Kondo, mwenye umri wa miaka 74, hakatai. "Miaka yote ile, hata tunda la kuonja hakuna. Ningefanyaje? Lakini alipolia, mkono ulikataa kuendelea."

Wiki chache baadaye visiki vikachipua. Hafidha akamfuata Hosiana huko Mwembesongo, akiwa amejiandaa kugomba. Hosiana alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba radhi kwa kutomweleza mapema, kisha akamuuliza kama machipukizi yamenenepa kufikia unene wa penseli.

"Usiving'oe, Mama Mwanaheri," alimwambia. "Visiki hivyo ndivyo ninavyovitaka."

Machipukizi yalipofikia unene huo, Hosiana alipanda mlima akiwa na vijiti vilivyokatwa kwenye mti unaozaa huko kwao, amevifunga kwa kitambaa kibichi. Alichana machipukizi, akapachika vijiti hivyo na kuvikaza kwa nailoni. Wakulima huita kazi hiyo kubebesha; kijiti cha mti uliokwisha kuzaa hakisubiri miaka mingi kama mche wa mbegu.

Vingi vilikauka. Hafidha alivifunika vilivyobaki kwa majani ya mgomba jua lilipokuwa kali, na kila asubuhi alikwenda kuvitazama kabla hajawasha moto wa chai. Vinne vikashika, viwili kwa kila kisiki.

Mwaka wa tatu baada ya kubebeshwa, miti miwili iliyokatwa ikazaa. Ile minne iliyosalimika ilikuwa bado inapukutisha maua.

Majirani walikuja kushuhudia, na Mzee Kondo akawa wa kwanza kuwapokea. "Anawaambia alikuwa anapogoa," anasema Hafidha, naye mjomba anatazama pembeni, akitabasamu.

Msimu uliopita mfanyabiashara wa mjini alichukua magunia mawili, na jiko la Hafidha likapata bati. Sasa ana miche arobaini kwenye viriba, yote ameibebesha kwa mikono yake. Sehemu atawagawia majirani. Inayobaki ataipanda masika yajayo kwenye kipande cha karibu na kijito, ambacho mjomba amemwachia. Mashimo amekwishayachimba mzee mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Anapoulizwa kama umri wake unaruhusu kuisubiri miti mipya, Mzee Kondo anachukua kiini kingine kutoka kiganjani mwa mpwa wake.

"Ni miaka mitatu tu," anasema, akitafuna. "Na meno bado ninayo."