Nyundo Ukutani

Ko, ko, ko. Nilisikia ukuta wa nyumba yangu ukigongwa kabla sijamwona anayegonga. Damu ikanichemka. Hapa Bunia tumezoea kwamba anayekuja kupima nyumba amekuja kuchora msalaba mwekundu, ili ibomolewe.

Nikatoka mbio, nikamkuta mwanamume mwenye nyundo ndogo.

"Weye, toka hapa," nikamfokea mbele ya majirani. "Nyumba iko mupya. Unapima nini?"

"Hata mupya inapimwa, ndugu."

Nikaona ananidharau. Mimi mtunga riwaya, ninayejua maneno kuliko saruji, nikaupiga ukuta kofi kuonyesha ulivyo imara. Lipu ikaporomoka kama ugali mbichi. Chini yake, ufa mpana ulipanda hadi dirisha la chumba cha mama, aliyekimbia vita vya Djugu, akaacha kambi ya wakimbizi na kuniamini nitampa pa kulala.

"Si mutu wa serikali," mama akasema mlangoni kwa hasira. "Ni fundi, miye nilimuita apime ukuta. Narudi kambini. Hema ikianguka haiwezi kuua mutu."

Akachukua furushi lake, akatoka, akaufunga mlango polepole, asije akauangusha ukuta.