Ijumaa posa, Jumamosi hoki: vile Division mbili za shamba letu nusura zinikoseshe bwana

Wakuu wa huku ndani, wazee kwa vijana, salamu zangu.

Nimesoma vile mnatupiana maneno kuhusu game ya hoki ya Jumamosi hapa Eldoret. Points sawa, magoli karibu sawa, na kila mtu ameshajua nani atashinda. Hakuna anayejua. Ndiyo maana inachezwa.

Mimi ni nyanya ya watu, niko Kimumu, shule niliishia standard three. Nitaandika vile najua. Nilichoona nitaandika. Nisichoona sitaandika, hata mniombe.

Miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru, mzungu wa shamba moja upande wa Cheptiret aliuza akaenda kwao. Wazee wetu wakaungana wakanunua kwa share. Wengine ni Wakikuyu kama sisi, tuliotoka Central, wengine ni Wanandi waliokuwa wakifanya kazi palepale.

Mzungu alikuwa amegawa shamba sehemu mbili: Division ya Juu na Division ya Chini. Katikati kulikuwa na uwanja wa hoki.

Mnashangaa hoki. Fundi wa trekta alikuwa Kalasinga, Mhindi wa kilemba, na ndiye alifunza wafanyakazi. Mzungu akaenda, fundi akaenda, hoki ikabaki. Magongo ya dukani yalikuwa mawili tu. Hayo mengine watu walichonga kwa mutamaiyu, ule mti mgumu, wakakunja ncha kwa moto. Likikupiga mguu unalala wiki.

Mwaka huo Juu na Chini walimaliza wakiwa sawa. Ikabaki game moja, Jumamosi.

Na haikuwa game ya kurudiwa. Surveyor alikuwa anakuja baada ya mavuno kukata shamba, kila mwenye share apate plot yake. Uwanja ulikuwa unakatwa pia. Atakayeshinda Jumamosi ameshinda milele.

Sasa mimi naingia hapa.

Baba yangu alikuwa kipa wa Juu. Pedi zake za miguu nilishona mimi, gunia la ngano limejazwa manyoya ya kondoo. Na mtu aliyekuwa akifungia Chini magoli alikuwa Karanja, kijana tuliyejuana kwa stoo, mimi nikishona magunia, yeye akibeba. Alikuwa ameshasema kwao anataka kunioa, na mimi nilikuwa nimeshasema ndiyo. Ilibaki tu wazee wake walete pombe ya posa kwetu.

Vijana, sikizeni desturi, kwa maana hapa ndipo shida ilianzia. Kwetu mkwe anamheshimu baba mkwe. Hawezi kumkimbilia na gongo mkononi. Hawezi kubishana na yeye. Hata kumkodolea macho ni aibu. Na unakuwa mkwe saa ile pombe imenyweka, si kabla.

Kapteni wa Juu alikuwa Mnandi, tulimwita Arap Sang. Mtu wa maneno. Jumatatu alikuja kwetu jioni, mimi niko pale nashona pedi.

"Mzee, huyu kijana wa Chini si anataka binti? Mpe. Mpe Ijumaa."

"Ijumaa ya nini?"

"Ndio Jumamosi awe mtoto wako. Mtoto anaweza kumpiga baba yake goli?"

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Akatuma neno Chini kwamba siku ya posa ni Ijumaa. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Chini hawakuwa wajinga. Kapteni wao alikuwa Mwangi, mjomba wa Karanja, na ndiye alikuwa anapika muratina, ile pombe ya asali. Siku ya posa inawekwa na baba wa msichana, kwa hivyo Mwangi hangekataa. Akajibu kwa adabu kwamba pombe haijaiva, tungoje mpaka Jumapili.

Arap Sang akateremka mwenyewe kwenda kunusa.

"Hii imeiva tangu jana, Mwangi. Unanificha pombe?"

"Wewe Mnandi unajua nini juu ya muratina?"

"Kupika sijui. Najua kunywa."

Basi Ijumaa ikabaki Ijumaa. Watu wakaacha kuongea game, wakawa wanaongea mimi. Mtoni wanawake waliniambia, "Nyambura, ukikubali umefunga Chini goli. Ukikataa huna bwana."

Na walisema kweli. Kwa maana siku ya posa msichana anapewa pembe ya pombe mbele ya wazee. Akionja na kumpa baba yake, amekubali. Akikataa kuonja, amemkataa mwanamume, na hao wazee hawarudi tena.

Nikionja, Karanja atacheza akiangalia chini, washindwe, na watu wake wamcheke maisha yote. Na mimi ndiye naenda kuishi huko Chini na hao watu.

Alhamisi nikamkuta kwa stoo.

"Kesho unakuja?"

"Nimeambiwa Ijumaa. Nitakuja Ijumaa."

"Na Jumamosi?"

Akaweka gunia chini kwanza. "Jumamosi nitacheza beki."

"Beki hujui."

"Najua sijui."

Nilifurahi na nikakasirika, vyote pamoja. Nilifurahi kwa sababu alikuwa ameshachagua, na alinichagua mimi. Nilikasirika kwa sababu wazee wazima wamemfikisha hapo kwa ajili ya mpira.

Ijumaa saa tisa nyumba ilijaa. Mwangi amekaa kama mtu yuko matanga. Arap Sang amesimama mlangoni anatabasamu, hata hakuwa amealikwa. Karanja yuko pembeni na koti la kuazima, mikono inaonekana mpaka karibu na kiwiko.

Baba alizoea kuniita Maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilichukua jina la mama yake. Akanipa pembe.

"Maitu, hii tunywe?"

Nikashika pembe. Sikuonja.

"Mtakunywa. Kesho, game ikiisha."

Baba akauliza polepole, "Unamkataa kijana?"

"Sijamkataa. Nimemkubali mbele yenu wote, mtu asinisingizie. Lakini pombe ya posa yangu haiwezi kupangiwa siku na kapteni wa hoki."

Mwangi akaanza kucheka. Nikamgeukia. "Hata wewe nyamaza, ulisema haijaiva."

Halafu nikamwambia Karanja, "Kesho cheza pahali unachezanga. Ukikosa makusudi kwa sababu kipa ni baba yangu, nitaona. Na hii pembe utainywa peke yako."

Arap Sang akasema, "Mzee, ningejua ningefanya huyu kapteni."

Baba akatikisa kichwa. "Huyu ni mama yangu. Nitamfanya nini?"

Pombe ikafunikwa.

Jumamosi alikuja hata mtu ambaye hakujua hoki ni nini. Filimbi tulimpa Abdi, Msomali wa duka la barabarani, kwa kuwa hakuwa wa Juu wala wa Chini na wote walikuwa wateja wake. Mimi nikasimama nyuma ya goli la baba, hatua mbili hivi.

Juu wakatangulia. Arap Sang alifunga na akazunguka uwanja mzima akisalimia watu.

Ikibaki kidogo, Karanja akapata mpira. Mnajua ile nusu duara mbele ya goli, mnaita D. Ukipigia nje yake si goli. Karanja akaja mbio, akapiga, mpira ukapita katikati ya pedi zangu mbili.

"Nje ya D," baba akasema.

"Ndani," Chini yote ikasema.

Abdi akapuliza goli. Ikawa moja-moja. Ikaishia hapo, sawa kama ilivyoanza.

Baba alirudi nyumbani na pedi bado ziko miguuni. Akakaa, akanipa pembe, akauliza tena. Nikaonja, nikampa. Akanywa, akampelekea Karanja, akamwambia, "Ilikuwa nje."

Karanja sasa ni mkwe. Akainamisha kichwa. "Ndiyo, baba."

Na aliendelea kusema ndiyo baba miaka yote mpaka tukamzika mzee. Akirudi nyumbani kwetu sisi wawili anafunga mlango ananiambia, "Ilikuwa ndani."

Somo ni hili. Kubishana kuhusu game ni tamu, bishaneni. Lakini usichukue jambo la maana la mtu mwingine ukalifanya mbinu ya kushinda mchezo. Na msichana akipewa pembe, angojewe aseme.

Uwanja ulikatwa, siku hizi pale penye D ni mahindi, hakuna wa kupima. Kama kuna mtu humu mzee wake alicheza Juu au Chini, aandike hapa chini alisemaje.

Mtaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa hatua mbili. Baba aliniuliza. Karanja yuko nje kwa kiti hapa, na ameniuliza hata leo. Nilisema nisichoona sitaandika.

Mstari sikuuona. Nilikuwa naangalia Karanja.