Bahari Isiyo na Ng'ambo

Shangazi yangu aliichora bahari miaka kumi na tisa kabla ya kuiona.

Aliichora kwenye turubai la futi nane kwa kumi, katika chumba cha nyuma cha studio ya picha ambayo mumewe alikuwa ndiyo kwanza ameifungua. Wakati huo walikuwa na miezi minne ya ndoa, kamera moja, taa mbili na benchi. Mumewe alitaka pazia la kuwasimamisha wateja mbele yake. Wateja, alisema, hawatoki kwao kuja kupigwa picha mbele ya ukuta. Ukuta wanao nyumbani. Shangazi alikuwa amefundishwa brashi na babu yangu, aliyekuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka, kwa hiyo hakuona taabu. Aliuliza watu wawili watatu bahari ikoje. Wakamwambia: maji mengi, mchanga mweupe, minazi. Akachora maji mengi, mchanga mweupe na minazi mitatu, mmoja umeinama kidogo. Kisha, kwa kuwa maji yote aliyoyajua tangu azaliwe yalikuwa ya mto, na mto una kando mbili, akachora na ng'ambo.

Ng'ambo hiyo ndiyo iliyomchukua muda kuliko vyote. Vilima vya buluu, na chini ya vilima nyumba kumi na moja ndogo ndogo, kila moja na paa lake, na moja ina dirisha la njano kana kwamba ndani kuna mtu anayesubiri wageni. Ni nyumba chache mtaani kwetu zisizo na picha iliyopigwa mbele ya vilima vile. Mjane mmoja muuza mkaa, kila akija kupiga picha, humwambia mpiga picha, "Nisogeze kidogo, nisiizibe nyumba yangu."

Mpiga picha mwenyewe watu humwita Tabasamu, kwa sababu ndilo neno analolisema kabla ya kubonyeza kamera. Yeye si mtu wa kutabasamu sana. Naye alimwita shangazi "Fundi", mbele ya watu na faraghani, na kwa jinsi alivyolitamka ungedhani ni neno la mapenzi. Nadhani lilikuwa.

Kilichotokea kilitokea Jumamosi, benchi limejaa. Karani mmoja wa benki, aliyekuwa amehamia karibuni, alikuja na mchumba wake kupiga picha ya kadi za harusi. Alisimama mbele ya pazia, akageuka kulitazama, akashika kiuno.

"Jamani," alisema, "hii ni bahari au bwawa la samaki?"

Tabasamu, kichwa kiko nyuma ya kamera, aliuliza kuna nini.

"Bahari gani ina ng'ambo? Mimi nimekaa pwani miaka mitatu, sijaona hata siku moja mtu anaanika nguo upande wa pili. Na hizi nyumba za nani? Za papa?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mchumba wake akacheka. Na Tabasamu naye akacheka, kha kha kha, mpaka akaishika stendi ya kamera isianguke. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha nyuma, mkononi ana kitana cha wateja. Alisubiri mumewe aseme neno. Mumewe akasema, "Tabasamu!" na akapiga picha.

Hakugomba. Angegomba, Tabasamu anasema, yangekwisha siku ile ile. Jioni aliziosha brashi zake zote kwa mafuta ya taa, akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka juu ya kabati. Pazia la zamani lilikuwa limeanza kubanduka rangi kwenye mikunjo, na walikwisha kukubaliana kwamba atachora jingine kabla ya msimu wa harusi. Mumewe alipomkumbusha, alimjibu kwa upole, "Tafuta anayeijua bahari."

"Lakini Fundi..."

"Fundi gani?"

Kwa wiki sita Tabasamu aliishi na mke mwenye adabu. Alisalimiwa, alipakuliwa chakula, aliambiwa asante. Kwa mwanaume aliyezoea kutaniwa kutwa kucha, adabu ile ilikuwa adhabu. Wiki ya saba akafunga studio, akakata tiketi mbili za basi, akamwambia mkewe wanakwenda pwani siku tatu kutembea. Mpango wake ulikuwa mwepesi: mke aione bahari, aseme "kumbe!", arudi, ashike brashi.

"Ukibeba kamera mimi siendi," shangazi alisema, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote.

Jirani yao, fundi cherehani asiye na kufuli mdomoni, aliwaona wakitoka na begi lililokatika zipu, limefungwa kwa kamba.

"Mnakwenda kupunga upepo?" aliuliza. "Haya, shemeji, na pepo la kununa mlipunge huko huko. Msirudi nalo, hapa tumechoka."

Walifika siku ya pili saa nne asubuhi. Joto la mji ule liliwapokea mlangoni pa basi kama ndugu mnene asiyeoga, anayekumbatia na haachii. Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba viwili vitupu. Mhudumu, binti mwenye penseli kwenye nywele, aliwaeleza kwamba kimoja kinatazama bahari na kingine kinatazama duka la vipuri.

"Cha vipuri," shangazi akasema.

"Mama, bei ni ile ile."

"Nimesikia, mwanangu. Cha vipuri."

Siku ile walitalii kama wageni wote. Waliiona posta yenye saa iliyosimama saa saba na robo. Waliona soko la vitambaa, na bustani yenye mizinga miwili ya kale ambayo watoto walikuwa wameikalia kama farasi. Alasiri wakateremka barabara ya ufukweni. Shangazi alitembea upande wa maduka. Alisoma mabango yote, akamwonyesha mumewe herufi zilizochorwa vibaya. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ukuta mfupi, na nyuma ya ukuta ndiyo hiyo bahari yenyewe, nzima.

"Itazame basi," Tabasamu akasema.

"Nimeitazama."

"Unaionaje?"

"Maji."

Kesho yake walikwenda kwenye mnara wa taa ya meli, ambao siku hizo ulikuwa umefunguliwa kwa wageni. Shangazi alikubali kwa sababu mnara ni jengo. Ndani kuna ngazi ya kuzunguka, na kila mzunguko una dirisha jembamba, kama tundu la kupenyezea barua lililosimamishwa. Tabasamu alitangulia. Alipofika juu akashika reli, akasubiri mapigo ya moyo yatulie na mkewe atokee.

Mkewe hakutokea. Tabasamu akachungulia chini, akaona kilemba cha mkewe kinateremka.

Jambo lenyewe, kama alivyonieleza shangazi, lilikuwa hivi. Kwenye dirisha la kwanza alitazama nje bila kukusudia. Akauona ule mstari ambapo maji yanakutana na mbingu, umenyooka kama uliopigwa rula, na uko sawa na macho yake. Hakujali. Kwenye dirisha la tatu akautazama tena. Alikuwa amepanda ngazi zaidi ya thelathini, paa za nyumba zimeshuka, watu wamekuwa wadogo. Mstari ulipaswa kuwa chini. Ulikuwa sawa na macho yake. Akashuka hadi mlangoni kuhakikisha. Akapanda. Akashuka tena.

Mkata tiketi akainua uso kwenye gazeti. "Mama, umesahau kitu?"

"Sijasahau. Kuna kitu kinanifuata."

Mkata tiketi akachungulia ngazini nyuma yake, asione mtu, akarudi gazetini taratibu.

Shangazi alipofika juu alikuwa anatweta, na jasho limemchora mstari shavuni. "Ule mstari haukai mahali pamoja," alimwambia mumewe. "Nikiwa chini uko machoni pangu. Katikati, machoni pangu. Na hapa juu kabisa uko hapo hapo. Unapanda ngazi na mimi!"

"Upeo wa macho," Tabasamu akasema.

"Upeo wa macho," shangazi akarudia. "Miaka yote nilidhani watu wanasema tu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyomwambia tangu ile Jumamosi, na Tabasamu, kwa furaha, akakoroga mambo. "Umeona sasa?" alisema. "Na kweli haina ng'ambo."

Uso wa shangazi ukafungwa kama duka. "Sikukuuliza ng'ambo," alisema.

Walisimama pale juu, upepo unawapiga. Kulikuwa na wageni wengine wawili upande wa pili wa taa, wanabishana kuhusu meli. Tabasamu anasema alitazama mikono yake. Alikuwa amezoea kuwa na kamera ya kujifichia.

"Mimi sikujua, Fundi," akasema.

"Hukujua nini?"

"Kwamba haina. Miaka kumi na tisa naitazama bahari yako kwenye kioo cha kamera, nikajua bahari ndivyo ilivyo. Hata jana tulipofika niliitafuta. Ulipokuwa unasoma mabango yako, mimi nilikuwa nakaza macho naitafuta ng'ambo."

Shangazi alimgeukia. "Sasa siku ile ulicheka nini?"

"Nilicheka ili nisionekane kwamba na mimi sijui."

Hapa hadithi zao zinaachana. Tabasamu anasema mkewe alilainika pale pale. Shangazi anasema hapana, pale ndipo alipokasirika hasa, kuliko siku ya kicheko chenyewe, kwa sababu siku ile alidhani mumewe alikuwa upande wa wajuzi.

"Kwa hiyo tulikuwa wajinga wawili," alisema.

"Wawili."

"Na ukaniacha kule ng'ambo peke yangu."

Tabasamu alitafuta la kujitetea. Benchi lilikuwa limejaa, yule karani alikuwa mteja, kicheko kinaambukiza. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililofaa. "Ndiyo," alisema. "Nilikuacha."

Waliteremka. Kwenye dirisha la tatu shangazi alisimama tena, akatazama nje kwa muda, na bila kugeuka akauliza, "Mteja akisimama mbele ya bahari ya kweli, ule mstari unampita wapi?"

Tabasamu aliniambia kwamba alisimama hapo hapo ngazini, kwa maana lile lilikuwa swali la kazi. Alilijibu kwa uangalifu, kama mtu anayebeba sahani ya mayai. "Unafuata jicho la kamera. Mimi nikipiga picha nainama, kamera inashuka hadi lilipo bega langu nikisimama. Kwa mteja wa kawaida unampita hapa." Akagusa shingo yake mwenyewe. "Lakini, mke wangu, fikiri. Tukiuweka hapo, mji mzima utaonekana maji yameufika shingoni."

Shangazi akacheka. Alijaribu kukibana kicheko kikamtoka puani. "Na ni uongo?" alisema.

Walipofika nje mumewe akajipa moyo. "Na zile nyumba je?"

"Hazionekani," shangazi akajibu. "Sikusema hazipo."

Asubuhi ya mwisho, begi likiwa tayari na basi likiwa la saa nne, shangazi alivuka barabara ya ufukweni kwa hiari yake. Alitaka kujua mumewe huinama kiasi gani. Tabasamu alimwonyesha kwa mkono: kiasi hiki. Shangazi hakuridhika, kiasi hiki si kipimo. Akafungua kamba iliyofunga begi, akamweka mumewe karibu na ukuta mfupi, uso wake baharini.

"Inama kama unapiga picha."

"Bila kamera?"

"Kwani kamera ndiyo inayoinama?"

Tabasamu akainama. Akatanua miguu, akachuchumaa nusu, akafumba jicho moja na kuinua mikono mitupu mbele ya uso, vidole vimekunjwa kana kwamba vimeshika kitu. Mtu wa miaka hamsini na mbili, suruali ya kupigwa pasi, mbele ya watu waliotoka kununua mkate.

Muuza karanga ndiye aliyeanza. "Mzee, unapiga picha au umeshikwa kiuno?"

"Anapiga ya eksirei," mwenzake akasema.

Watu wakasimama. Kundi la wanawake wanne waliokuwa wakipita, dada wa familia moja kwa sura zao, wakaona mchezo. Wakajipanga ukutani mbele yake, mmoja mkono kiunoni, mwingine kidole shavuni. "Haya, tupige basi! Tutoe tumependeza!" Ufukwe ukacheka. Muuza karanga alicheka mpaka akaketi.

Shangazi alikwenda nyuma ya mumewe, akainama naye, shavu kwa shavu, akatazama katikati ya mikono ile mitupu. Bahari ilikuwa imepita nyuma ya wale wanawake, imenyooka, kwenye shingo zao wote wanne. Wao hata habari hawakuwa nayo.

Kisha akakanyaga ncha moja ya kamba, akaivuta mpaka kwenye jicho la mumewe, akafunga fundo la alama.

"Ninyooke?" Tabasamu akauliza. Magoti yalikuwa yanamtetemeka na watu walikuwa wanazidi kuja.

"Bado. Usitikisike."

Akafungua fundo, akapima upya. Akalifunga tena. Akarudi hatua mbili, akainamisha kichwa kama anayelinganisha, akasonga, akapima mara ya tatu. Tabasamu alikaa vile vile, jicho moja limefumbwa, anachekwa na mji asioujua, wala yeye hakucheka.

Shangazi ananiambia kipimo alikwisha kukipata tangu mara ya kwanza.