Kadi ya Mama, Daftari Langu

Mama alianguka kwa kiharusi katikati ya mistari ya chai yetu Kimulot, kapu mgongoni, limejaa nusu. Alipotoka hospitali Kapkatet alikuwa akiburuta mguu wa kulia, na mkono wa kulia ulikuwa umejikunja ngumi. Mguu ulianza kurudi wenyewe. Mkono ulikataa.

Daktari wa mazoezi ya viungo, ambaye kila mtu pale alimwita fizio, alikuwa mwanamke mfupi asiyependa kurudia maneno. Alituambia kwamba mkono ule tuupe miezi mitatu. Ukifanyiwa mazoezi asubuhi na jioni, kila siku bila kuruka, ungeweza kufunguka na mama akarudi kuchuma. Ukiachwa, ungebaki hivyo. Akanipa kadi ngumu yenye vyumba vidogo vidogo, viwili kwa kila siku, niweke tiki kila tunapomaliza zoezi.

Nilimchukua mama tukakaa naye Kericho, kwenye chumba changu cha kupanga. Ndugu zangu walikuwa na watoto, na mimi sikuwa na mtu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kama ninaweza. Nilikuwa mwalimu katika chuo kidogo cha kompyuta, orofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za ng'ombe. Nilifundisha wasichana kuchapa bila kutazama vidole.

Zoezi lenyewe halikuwa na ufundi. Unaloweka mkono katika maji ya vuguvugu kwa dakika ishirini. Halafu unaanza na kidole cha mwisho, unakinyoosha, unahesabu hadi kumi, unakiachilia. Mara kumi kila kidole. Ukifanya sawasawa ni dakika arobaini. Wiki mbili za kwanza nilifanya sawasawa. Kidole kilinyooka, nikikiachilia kikarudi polepole kiganjani, na mama akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Ningependa kusema nilimhurumia. Sikuhisi kitu. Watu wa kanisa walipokuja kuomba walilia wao, mimi nikazunguka na birika. Kitu pekee nilichohisi juu ya mkono ule ni kwamba uliniogopesha. Ulikuwa na joto lakini haukunishika.

Mwezi huohuo mwalimu mwenzangu, mtu wa upande wa ziwa, mcheshi kupita kiasi, alirudi kutoka Nairobi na mchezo ndani ya disketi. Aliunganisha kompyuta mbili kwa waya mmoja. Kila mmoja wetu alikaa mbele ya skrini yake, akaona korido na mdomo wa bunduki, na ndani ya jengo hilo tukawindana. Ukiuawa unafufuka baada ya sekunde moja, mahali pengine. Anayefikisha ishirini kwanza ameshinda. Siku ya kwanza yeye aliniua mara ishirini. Mimi nilipata moja, na hiyo moja ni kwa sababu alijilipua mwenyewe.

"Madam, rudi tu kwa typing," alisema, akifuta machozi ya kucheka. "Huku utaumia bure."

Sikukasirika. Niliona tu kwamba kwa nusu saa sikuwa nimefikiria kitu chochote, na nikataka nusu saa nyingine.

Yeye alicheza kwa raha, akipiga kelele. Mimi sikujua kucheza hivyo. Nilijua njia moja tu ya kufundisha mkono, na nilikuwa nimefundishwa na mama. Nilipokuwa darasa la nne alinipeleka kwenye chai, akanikataza kutumia mkono wa kulia wiki nzima. "Huo unajua tayari," alisema. "Fundisha huu mjinga." Nilichuma kwa kushoto, polepole, nikinuna, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Jioni alimwaga kapu langu juu ya gunia, akanionyesha kosa moja. Nilijua yapo mengi, lakini alitaja moja, na kesho yake nilirekebisha hilo tu.

Basi nikafanya hivyo. Nilinunua daftari. Wiki ya kwanza sikuwinda mtu. Nilichagua doa moja kwenye ukuta wa korido, nikawa natokea kwenye kona ya kushoto na kulipiga risasi, mara mia. Nikaandika: kona ya kushoto, thelathini na nane kwa mia. Kesho yake arobaini na moja. Kisha kona ya kulia. Kisha kupiga huku ninatembea upande upande. Kila asubuhi nilifungua kipanya, nikatoa kile kigololi cha tumboni na kukwangua uchafu kwa ukucha, kwa sababu kikikwama kidogo tu risasi inaenda kwingine. Nilikuwa na subira ambayo sijapata kuwa nayo tena kwa jambo lolote.

Ili nipate kompyuta kabla ya wanafunzi, nilihitaji kuwa chuoni saa moja asubuhi. Kwa hiyo zoezi la mama la asubuhi likawa dakika kumi. Siku moja ya mvua sikulifanya kabisa. Kadi ilikuwa imening'inia msumarini karibu na mlango. Niliweka tiki kwa penseli, nikajiambia nitaifuta tusipolifidia jioni. Jioni nilibaki chuoni na daftari langu, nikarudi mama ameshakula kwa jirani. Niliweka tiki ya pili. Baada ya hapo sikuwa nikijiambia chochote. Nilipita tu mlangoni nikatia tiki, kama mtu anavyozima taa akitoka.

Mama alikuwa akiniona. Kitanda chake kilitazamana na mlango.

"Kazi imekuwa mingi?" aliniuliza mara moja.

"Mingi, mama."

"Basi enda. Usichelewe."

Jumapili moja alinikuta nikijumlisha, akauliza lile daftari ni la nini. Nilimwambia kuna mchezo wa kompyuta na nitashindana na mwalimu mwenzangu siku ya kufunga chuo. Alilishika kwa mkono wa kushoto, akalitazama mstari kwa mstari, ingawa hakusoma sana.

"Unaandika na yale umekosa?"

"Yote."

"Hivyo ni sawa," akasema, akanirudishia.

Ni kweli. Katika daftari lile sikudanganya hata nambari moja.

Siku ya kufunga chuo wanafunzi walisimama juu ya viti kutuangalia. Nilishinda ishirini kwa tisa. Mwenzangu alitupa kipanya mezani, akageukia umati. "Omera, ndugu zangu, huyu madam ametoka wapi? Huyu si yule!" Walinipigia makofi. Niliangalia vidole vyangu juu ya kipanya, vyepesi, vinaenda popote ninapotaka. Nilingoja furaha ije. Nilipoona haiji nikazima kompyuta, nikafunika skrini kwa kitambaa chake.

Jumatatu tulikwenda kliniki Kapkatet. Miezi mitatu ilikuwa imetimia. Fizio alichukua kadi kwanza, akaitazama mbele na nyuma. Hakuna chumba kilichokuwa wazi. Kisha akajaribu kunyoosha kidole cha mwisho cha mama, na mama akavuta pumzi kwa meno. Akajaribu kinachofuata. Akaniangalia.

"Hizi zote mmefanya?"

Nilifungua mdomo.

"Tumefanya, daktari," mama akasema. "Asubuhi na jioni."

Fizio akaweka kadi mezani. "Basi sitawadanganya. Kama mngekuwa mmerukaruka, ningewaambia mwanze tena, tujaribu miezi mingine mitatu. Lakini mama amefanya yote, na mkono ni huu. Umekataa. Tuuache, tufundishe wa kushoto."

Nilikuwa na sentensi moja ya kusema. Ilikuwa fupi, na mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa watatu tu. Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama dirisha. Fizio akaandika, akapiga mhuri, mama akasema asante, nami nikasema asante.

Nje tulikaa kwenye benchi angoje mguu upumzike. Kadi alikuwa ameishika yeye. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba cha kushoto juu ya zile tiki za penseli, moja ikachafuka kidogo. Kisha akanipa niitie mkobani.

"Na ile mashindano yako," akasema. "Ulishinda?"

"Nilishinda, mama."

Aliitikia kwa kichwa, bila hasira. Niliitafuta hasira usoni pake, kwa sababu niliitaka, na haikuwako.

"Lazima ushinde," akasema. "Si ulifanya mazoezi."

Akanyoosha mkono wa kushoto nimwinue.