Mama Mkwe Kwenye Mtaro

Wiki jana nilitoka Kitale kwenda Naitiri kununua kuku, nikakuta wanaume na majembe yao wamesimama tu kando ya kinamasi. Walitaka kuchimba mtaro wakikaushe, wapande sukuma wiki. Lakini pale mtaro ulipopaswa kupita, mama mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua maharagwe.

Msimamizi wao alikuwa mume wa binti yake. Kwetu, mwanamume hamsogelei mama mkwe wake, sembuse kumwondoa kwenye kigoda. Kwa hivyo alijificha nyuma ya mgomba, akawa anatuma maneno.

"Mwambieni mama atoke, tuchimbe."

"Mwambieni aje anitoe mwenyewe."

Wenzake wakacheka. "Lakini mama, unaowalinda hapa si ni vyura tu, bana?"

"Ndiyo, ni vyura. Siku hizi mvua inachelewa, na ikija inakatika. Madimbwi mengine yote yamekauka kabla viluwiluwi hawajaota miguu. Pamebaki hapa tu. Vyura wakiisha, nyinyi ndio mtakaowala mbu?"

"Na sisi tule nini?" mmoja akauliza, wala hakuwa anatania.

"Pandeni ukingoni, mmwagilie kwa ndoo. Si mikono mnayo?"

Majani ya mgomba yakatikisika. Msimamizi alikuwa ameondoka kimyakimya, na wenzake wakamfuata.

Mjini tunaitwa semina, tunaambiwa hali ya hewa imebadilika, kisha tunagawiwa soda. Mvua, sawa, hakuna mtu wa Naitiri atakayeirudisha. Lakini kinamasi kimebaki: majembe yamerudi nyumbani, nimeyaona.