Nilivyojiandaa Kibokoni kwenda kuwinda kulungu Uskoti, na nilichokikuta nilipofungua begi

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote. Haya yamenipata mwenyewe. Nikitia chumvi, mama yangu yuko hai na atanisuta.

Mimi ni mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale. Nilikuwa namtaka Rukia. Baba yake ametangulia mbele ya haki, kwa hivyo wa kuniozesha ni kaka yake Twahir, muuguzi aliyehamia Uskoti.

Nikampigia simu kabla ya kupeleka posa.

"Njoo huku kwanza tupande mlima tukawinde," akasema. "Mtu humjui mpaka umemuona kwenye baridi."

(Wanasheria, tulieni. Najua kwetu kuwinda ni marufuku. Huko kuna msimu wake na kibali.)

Akanitumia orodha: buti, jaketi zito, soksi za sufu, mazoezi ya kubeba mzigo. Mwisho kabisa, kwa herufi kubwa: NGUO ZISIZO NA HARUFU YOYOTE. Kulungu ana pua kali kuliko macho. Akikunusa, ameondoka.

Chini yake: "Akikunusa, na ya Rukia tutayazungumza mwaka mwingine."

Sasa mlima. Kisiwa chetu hakina mlima, kina ngazi. Nikatia mchele kilo ishirini begini, nikavaa buti na soksi za sufu, nikawa nazunguka vichochoro adhuhuri, jua likinichungulia kati ya kuta kama jirani mbeya.

Ami Seif, fundi cherehani, hushona barazani kwake na huona kila kitu.

"Badi! Wahamia wapi?"

"Sihami, Ami. Nafanya mazoezi."

Akamgeukia mwenzake. "Maskini. Kafukuzwa kwao na mchele wake."

Kufika Ijumaa, mtaa mzima ulikuwa ushampa mama pole.

Jaketi nililipata Shimanzi, kwa jamaa aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la kugandishia samaki. Zito, zuri, na linanuka changu mpaka kwenye vifungo. Nikalifua kwa sabuni isiyo na manukato. Nikalifua kwa magadi. Nikalianika darini siku tatu, nikifukuza paka. Siku ya nne nikaligubika usoni, nikavuta pumzi: hapana kitu. Lilikuwa kama nguo ya mtu ambaye hajazaliwa.

Wakuu, nilikaribia kulia kwa furaha.

Siku ya safari nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi, mama alikuwa ashanifungia begi, akalizungushia nailoni na utepe.

"Nimekutilia kila kitu, mwanangu. Usilifungue njiani."

Nikamshukuru. Nikaondoka.

Begi nililifungua chumbani kwa Twahir, alfajiri ya kupanda mlima. Twahir alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

Ikatoka arusi nzima. Udi wa kukanda, sandali, miski, waridi. Kila soksi imefukizwa. Jaketi lilikuwa limeshiba moshi mpaka ndani ya bitana.

Huko nyumbani nisingejua. Nyumba yetu yote yanukia hivyo, pua imezoea.

Nikampigia mama palepale, simu ikiwa wazi Twahir asikie.

"Mama, umezifukiza nguo?"

"Sasa wenda kuposa hunukii chochote? Watasema huna mama! Nimekutilia ule niliouweka wa arusi yako."

Maduka yalikuwa mbali, na kibali chetu kilikuwa cha siku ile tu. Jaketi za Twahir hazinipiti mabegani. Nikaketi kitandani, namuona Rukia akienda na maji.

Twahir akalichukua jaketi, akalinusa. Akakaa nalo usoni muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Hili," akasema, "kulungu atalisikia kabla hatujatoka kwenye gari."

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akamwaga chai. Akachukua ramani na kalamu.

"Upepo watoka huku. Wewe utazunguka nyuma ya bonde, usimame upande unaotoka upepo. Usifanye lolote. Nukia tu. Watakukimbia waje kwangu."

Ndiyo kazi niliyoifanya, wakuu. Nilisimama kwenye majani yaliyolowa, meno yakigongana, nanukia. Kulungu wakainua vichwa pamoja, pembe kama miti iliyopukutika, wakaufahamu ukoo wetu wote kwa pumzi moja, wakatimua mbio. Twahir alisema bismillahi, risasi moja.

Tukiwa tunateremka na nyama akampigia Rukia. "Mtu wako hajui kuwinda. Lakini ukimwambia asimame mahali, asimama. Mwambie alete posa."

Niliporudi nikamsimulia mama kila kitu. Akanisikiliza huku akipalia makaa kwenye chetezo.

"Kwa hivyo," akasema, "aliyemuwinda kulungu ni mie."



Nililojifunza: pangeni buti, ramani na upepo, lakini mama akiwa nyumbani, mpango wenu haujakamilika mpaka yeye ameujua. Mimi ningemweleza mapema ningepona aibu, ingawa nisingeoa.

Jaketi mpaka leo halijafuliwa. Rukia amekataa.

Haya, na nyinyi: nani mwengine alipanga safari, mama akaipanga upya? Nawasoma. Ami Seif, najua nawe umo humu, mchele tuliula.